Maji ya Mavyaa

Mwezi umekufa leo, mavyaa.
Hakuna aliyeona hilali juu ya Uru,
nami nimepiga magoti hapa ulipozikwa,
hatua tatu kutoka kwenye jiko
ulilosema sijui kuliwasha.

Naanza na jina. Bila jina maji hayafiki.
Narubtum, binti Iddin-Sin.
Naita mara tatu, kama alivyokuita mwanao
kabla hajafunga mizigo ya sufu
kwenda Dilmuni kutafuta shaba.
Mavuno mawili yamepita.
Mchuuzi mmoja aliapa kwamba alimwona yu hai;
mwingine alitaka kwanza nimnunulie pombe.

Kazi hii ni ya mwana wa kiume, najua.
Unanuna huko chini, nakusikia:
"Wanaume wamekwisha nyumba hii?"
Wamekwisha, mavyaa. Nimebaki mimi,
yule uliyemhesabia vitunguu.

Pokea unga wa shayiri. Si mweupe;
hekalu lilichukua fungu lake mapema,
na karani aliyepima hakuniangalia usoni.
Pokea pombe, tone tu.
Nimeionja. Imechachuka kupita kiasi.
Sema, basi. Sema ulichokuwa utasema.

Maji nikayamimina kwenye bomba la udongo,
na hayakushuka.
Yakajaa mpaka mdomoni, yakanitazama.
Nywele zikanisimama: umekataa!
Hata kiu umeishinda kwa kinyongo?
Nikawaza mganga wa mtaa wa wafinyanzi,
na shekeli zake, na kondoo wa kuchinjwa
ili asome kwenye ini kosa langu ni lipi,
mimi ninayeweza kumtajia makosa yangu yote
bila kondoo.

Nyuma ya mlango, Ahatum akacheka.
Ana miaka minne. Kila alipokula tende
alidondosha kokwa humo, juma zima.
"Nilimpa bibi," akasema. "Ana njaa."

Nikachokonoa kwa tete la mtoni
hadi bega likaniuma.
Kokwa zikaporomoka, maji yakazifuata,
na nikasikia, kuhani sitamwambia,
nikasikia ukigugumia
kama mtu aliyerudi shambani mchana wa jua kali
akakuta mtungi umejaa.

Kunywa. Usiharakishe.
Wasio na wa kuwaita hula vumbi huko, wanasema,
na maji yao ni tope.
Sikukupenda, mavyaa.
Lakini vumbi sikutakii.

Sakafu hii ni moja.
Siku utakaposikia matofali yanang'olewa
na miguu mingi, na Ahatum akilia,
ujue ni mimi.
Sogea kidogo, upande wa ukutani,
na vitunguu
tusihesabiane tena.