Masafa ya Kati

Redio yetu ilikaa juu ya kabati la vyombo,
Tororo, kota za reli, mlango wa nne kutoka bombani,
imevishwa kitambaa alichofuma mama
kana kwamba nayo ingeona baridi.
Waya wa antena ulipita dirishani
ukafungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo.
Siku ya kufua mashuka
habari zilitufikia zimelowa.

Sauti ilikuwa ya Yekosofati Obbo.
Sura hatukuijua. Dada yangu Athieno
aliapa kuwa ana mwanya,
kwa jinsi alivyotamka "Soroti".
Asubuhi alisoma bei ya pamba, daraja la kwanza, la pili,
kisha habari kwa lugha hii, kisha ile, kisha ile,
nasi watoto wa kota, Wasamia, Wateso, Wagisu, Wapadhola,
tukingoja kila mtu zamu yake kama foleni ya maji,
hadi kifike Kiswahili, kisicho cha mama wa yeyote,
Kiswahili cha gereji, kisichojali ngeli,
tukakinywa sote.

Saa saba mchana, vifo.
Jiwe la kusagia lilinyamaza.
"Tangazo limfikie Nyafwono wa Nagongera, popote alipo,
ya kwamba..."
Betri zikafa.

Mama ndiye Nyafwono. Mama ni wa Nagongera.
Alizitoa betri, akaziuma moja moja kwa magego,
akazianika juu ya bati kama dagaa.
Jua hakulingoja. Alitoka na unga mikononi.
Kwa Wandera, redio ilikuwa kwa fundi.
Kwa fundi Mukhwana, redio kumi na tatu,
zote zimepasuliwa matumbo.
Kwa mama Akurut walisikiliza mpira wa Nairobi
na hawakutaka kuguswa.
Ni stesheni, kwenye tundu la tiketi,
karani alikuwa amesikia mpaka mwisho:
ni Nyafwono mwingine, mke wa mwalimu,
aliyefiwa na mjomba.
Mama akaketi juu ya mzani wa mizigo
akalia palepale, mshale ukimtetemekea.
Alishaanza, alituambia jioni,
na kilio si chenji, hakirudishwi.

Halafu ikaja ile asubuhi ya beni ya jeshi,
tarumbeta kutwa nzima, bila jina la mpigaji.
Baba alipunguza sauti. Hakuzima:
kuzima nako kungesikika.
Mtangazaji aliporudi hewani hakuwa Obbo.
Huyu alitamka "Soroti" vizuri,
na Athieno akamchukia.

Tangu hapo stesheni ilibadilisha nguo
kuliko bibi harusi.
Bei ya pamba iliondoka, na pamba yenyewe ikafuata.
Lugha zikapunguzwa, zikaongezwa, zikapangwa upya;
Kiswahili kikasukumwa usiku
wakati wenye kukisikia wamelala.
Ikaja ngoma nzito ya ule ugonjwa,
tukajifunza kunyamaza kwa namna nyingine.
Yakaja masomo ya mbolea. Wakaja wahubiri.
Ndipo FM ikaingia mjini, safi kama sahani,
na zawadi za sabuni kwa anayepiga simu wa kwanza,
na vijana wanaocheka kabla ya kichekesho.
Siku hizi inasoma uwiano wa kamari
kwa sauti ileile ya bei ya pamba.

Mlingoti wa masafa ya kati ulikatwa vipande,
ukauzwa vyuma chakavu, kwa kilo.
Niliuona ukipimwa.
Sikujua kitu kinachosema hivyo
kinaweza kuwa chepesi hivyo.

Jumapili nilimpelekea mama betri mpya.
Kitambaa kimeliwa na mende pembe mbili.
Nilizungusha kisu taratibu, mwanzo hadi mwisho,
mvumo tu, kama mtama unaopepetwa
nyumba ya tatu.
Nikanyoosha mkono nizime.

"Saa ngapi?" akauliza.
Saa saba kasoro, nikasema.
Akavuta kigoda.