Nyumba ya Pikseli Arobaini na Nane

Steshenari ya Chilongani inafungwa saa mbili usiku.
Tunaingia kwa mlango wa nyuma,
watatu, kila mtu na chupa yake ya maji,
maana hapa Nkuhungu maji yana ratiba
na kiu haina.

Tunachora.
Tunachorea mfumo wa kompyuta usiouzwa,
ambao yeyote anaweza kuuchukua,
kuufumua, kuushona upya, kumpa jirani
bila kubisha hodi kwa mwenyewe.
Mama ameniuliza mara tatu: wanakulipa nini?
Mara ya tatu nikasema, wananiachia nichague rangi.
Akaniangalia kama anavyomwangalia mbuzi aliyekula sabuni.

Rangi zenyewe ni ugomvi.
Nyemo, anayefundisha darasa la nne mchana,
anataka kijani cha Januari, mtama ukifika magotini.
Chilongani anasema kijani hicho ni cha wiki sita tu,
zilizobaki nani atazivika?
Tuweke damu ya mzee,
vumbi la Agosti kwenye soksi nyeupe za wanafunzi.
Mimi ni mchora mabango:
kinyozi, chipsi, fundi redio.
Najua rangi ikikosea, mteja anapita.
Nikaweka kijivu cha majabali,
yale yaliyolala huku na kule mjini
kama ng'ombe waliogoma kurudi zizini.
Wote kimya.
Kijivu kikapita.

Kipanya kimechoka, kinarukaruka.
Mstari mmoja naufuta mara kumi na moja.
Umeme ukikatika
tunakaa gizani, upepo unasukuma mabati,
na Nyemo anataja kwa sauti, kimoja kimoja,
vitu ambavyo hakuwa amevihifadhi.

Pa kutupia taka tulichora shimo
lenye moshi kidogo, kama la nyuma ya kila nyumba.
Folda ni kihenge.
Na kile kinachozunguka mashine ikiwaza
tulikipa umbo la kisulisuli,
kile cha saa saba mchana kinachovuka barabara
na mfuko wa nailoni kichwani.

Alama ya nyumbani nilichora mimi.
Pikseli arobaini na nane kwa arobaini na nane.
Nilichora tembe.

Mkaguzi wa michoro, mtu mwema wa nchi yenye theluji,
akauliza: paa liko wapi?
Nikajibu: lipo. Limelala.
Juu yake tulianika mlenda,
juu yake bibi alipanda kutazama ng'ombe wamefika wapi.
Akauliza tena: mtumiaji ataelewa kuwa ni nyumba?
Siku hiyo sikujibu.
Niliongeza nukta tatu za kahawia, mlango mfupi.
Kwa bibi hakuna aliyeingia wima.

Nyumba yenyewe, ile ya Mvumi, haipo.
Iliporomoka mwaka ule mvua ilipokosea kipimo.
Udongo ukarudi udongoni, wajomba wakajenga ya bati,
paa la pembetatu,
kama zile zilizokuwa kwenye skrini kabla yetu.
Sikuwa na picha.
Nilichora kwa kukumbuka
mgongo wangu ulivyopinda pale mlangoni.

Juzi nilikwenda ofisi ya kata kufuatilia hati.
Karani, kijana mdogo, ameyaondoa majabali yangu yote,
ameweka mwanawe ndani ya beseni, mapovu hadi masikioni.
Haya. Si ndivyo tulivyosema, kila mtu abadilishe?
Lakini pembeni, karibu na kisogo cha mtoto,
tembe ilikuwa imekaa.
Akaibonyeza mara mbili bila kuitazama,
kama mtu aingiavyo kwake.
Kisulisuli kikazunguka, kikazunguka,
mashine ya kata ni nzito,
akasema, "Subiri kidogo, dada."
Nikasema nasubiri.
Ndipo nikagundua
nimeinamisha kichwa.