Chandarua cha Mwashi

Julai, Sikonge. Usiku baridi huing'ata
miche ya nyanya kama mbwa asiyebweka;
saa saba mchana udongo ule ule
unachoma kisigino.

Mwashi hana kipimajoto. Ana kiganja:
anaugusa udongo kama paji la mtoto mwenye homa,
kisha anaamua.

Jioni, chandarua chenye matundu juu ya vijiti,
chandarua walimokulia watoto wanne.
Alfajiri anakifunua, anatandaza mabua,
anamwagia shinani, si majanini.

Miche mitatu ya mwisho wa tuta imekufa.
Chandarua kiliishia hapo.

Leo amefungua khanga kiunoni,
anaipima kwa shubiri, kimya,
mara ya pili.
Imepungua shubiri mbili.

Basi, anasema, akichukua kijiti cha kupandia:
mtasogeleana.