Kiambishi cha Po

Chumba changu kiko ghorofani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
juu ya Mbelwa fundi baiskeli
anayegonga rimu tangu alfajiri.
Umeme ukikatika ndipo namsikia vizuri.

Mwaka wa tatu sasa natunga lugha.
Si ya kusemeshana watu. Ni ya kuambia silikoni:
unaandika hatua za hesabu, mstari chini ya mstari,
mtambo unazisoma, unazigeuza ramani,
transista hapa, waya pale, mpaka baina yao,
ramani inakwenda kiwandani ng'ambo, inarudi
chipu ndogo kuliko ukucha wa mtoto.

Nilianza na ngeli. Hilo lilikuwa jepesi.
Namba nikaipa i-, lango nikalipa li-,
waya ukachukua u-, nyaya zi-.
Mstari usiopatana haupiti.
"Lango imefunguka", mtambo unagoma
kama yule mwalimu wetu wa Chumbageni
aliyekurudishia daftari bila kusema kosa liko wapi.

Kisha -ki- nikaifanya sharti, -ka- nikaifanya foleni:
ikaja, ikapimwa, ikizidi ikarudi nyuma.
Namba mia mbili nikazipanga hivyo,
jirani akimpisha jirani.
Kwenye skrini zilipangika.
Kwenye ramani nikakuta uzi mmoja
mrefu, mwembamba, singa ya mkonge,
unazunguka kipande kizima ukimtafuta jirani
aliyepangishwa ng'ambo ya reli.

Shekue wa ofisi ya ardhi aliitazama ramani,
sambusa mkononi, mafuta yakidondokea pembe ya kaskazini.
"Wewe unauliza nani atangulie," akasema.
"Sisi tunauliza nani apakane na nani."
Akafuta mafuta kwa kiwiko, akaharibu zaidi.

Nilikuwa nimetunga lugha ya wakati,
na silikoni haina kesho, ina viwanja tu.
Kila -ka- ni mwendo, na mwendo una nauli.

Usiku huo nikafungua ngeli niliyoiruka.
Pa-: palipoonyeshwa kidole, mtambo usipaguse.
Ku-: huko huko, uamue wenyewe.
Mu-: humo kizimbani, asitoke mtu.

Nikafika kwenye -po-.
Ifikapo.
Saa igongapo? Au pembeni pale waya uishiapo?
Sarufi inajibu: ndiyo.
Miezi minane nimeandika kanuni
za kutenganisha saa na kiwanja,
kumbe lugha niliyonyonya ilishawapa chumba kimoja
na hawajagombana.

Nikafuta kurasa arobaini.
Nyuzi zikafupika. Si zote.
Upo mmoja bado unavuka barabara nne
kwenda kuazima biti moja.
Nimeuacha kwanza.

Chini Mbelwa anazungusha gurudumu lililopinda,
kichwa kaliinamia,
anasikiliza linapoguna.
Linapoguna, anasimamisha,
anakaza spoku,
anazungusha tena.