Riali Mia na Sitini

Nafanya kazi Ghala, na Ghala ni jina la mtaa,
msidhani natania: makontena, matairi, maboksi ya feni,
jua la saa saba linalokaanga hadi kivuli.
Miezi minane nimeweka, mwezi ishirini, mwezi baisa tu,
mpaka zikatimia riali mia na sitini.
Nikazikunja ndani ya soksi, nikapanda basi la Ruwi.

Dukani baridi kama kisimani.
Bi Zuweina akanisikia nikihesabu,
midomo yangu hunisaliti,
akasema, "Ah, wa bara weye! Kaa kitako, mwanangu."
Kiswahili chake kakinyonya kwa mama, Unguja hajaiona,
na mimi namjibu kwa ulimi wa Usukuma
ambao ra na la ni ndugu wa tumbo moja.

Akatandaza kitambaa cheusi,
akazimwaga tano, ndogo kuliko mtama.
Kuku angesita.
"Karati," akasema, "rangi, usafi, mkato.
Hii safi, ila haba. Hii kubwa, ila ina umanjano
kama jino la mnywa kahawa.
Na hii ina doa ndani, lakini macho ya watu
hayafiki huko."

Nikauliza: imetoka wapi?
Akageuza cheti, akakigeuza tena.
Uzito umeandikwa hadi nukta ya tatu.
Pa kuzaliwa hapajaandikwa.

Niliuliza kwa sababu ya baba.
Alichuja kokoto Mwadui miaka kumi na tisa.
Kila jioni getini: fungua kinywa, inua ulimi,
vua viatu, kung'uta nywele, mikono juu.
Alizichunga kama mchunga ng'ombe wa watu,
maziwa anayajua kwa harufu.
Akifika nyumbani husimama mlangoni,
huinua mikono bila kuambiwa,
na mama humpekua makwapa huku akicheka,
akipata vumbi,
na siku ya mshahara, peremende zetu.

Bi Zuweina akanipa lenzi.
Nililiona doa: uzi mweupe umelala upande,
kama mtu aliyepitiwa na usingizi kazini.

Nikapiga simu ya video. Nyanzobe alikuwa kwetu Maganzo,
kampelekea mzee dawa ya presha.
Mtandao ukamkata uso vipande vya mraba.
"Ni ipi?"
"Hii."
"Mayunga, hicho si kidole chako?"
"Iko juu ya kidole."
"Sogeza. Sogeza. Sasa naona pua yako."
Tukacheka mpaka Bi Zuweina akajifuta macho
kwa ncha ya mtandio.
Kisha Nyanzobe akasema, "Ngoja, baba anataka kuona,"
na dari la nyumba yetu likapita kwenye kioo,
mabati, buibui, kalenda ya mwaka juzi,
halafu jicho moja la baba, karibu mno.

Akatazama.
Bi Zuweina akatazama meza.
"Sisi tulizikuta kama vipande vya sabuni ya magadi,"
akasema. "Hiyo wameiogesha."
Akanyamaza tena, nikadhani mtandao umekufa.
"Na hapo getini, watakupekua?"
"Hapana, baba. Nalipa. Wanatoa risiti."
"Basi ishike mkononi. Usiitie mfukoni.
Ishike waione."

Nikachukua yenye doa.
Mia na hamsini na nane, pamoja na pete,
mbili zikabaki za basi na maji.
Nilivua kiatu mbele ya watu kutoa hela,
Bi Zuweina akazihesabu bila kukunja pua,
akanikabidhi kiboksi kwa mikono miwili,
akasema, "Mola awape kauli moja."

Mlinzi akavuta mlango wa kioo,
joto la Ruwi likanipiga kifuani.
Hakuniuliza kitu.
Mimi ndiye niliyesimama,
kinywa wazi, ulimi umeinuka,
mikono juu,
risiti ikipepea.