Kumbe

Masanduku ni kumi na saba, Profesa,
na mpwa wako anataka chumba kabla ya mwezi kwisha.
Nimekaa sakafuni hapa Changanyikeni, feni inasuasua,
nasoma kadi zako moja moja.
Nyingi umeziandika nyuma ya fomu za sukari
za miaka ile Mlimani hapakuwa na karatasi wala sabuni.
Upande mmoja: jina la kaya, idadi ya watu, kilo.
Upande wa pili: ara.
Ara, ara, ara,
herufi tatu za Kigiriki ulizozifuata miaka thelathini
kama mtu aliyedondosha sindano mchangani.

Mashine yako haikujua Kigiriki.
Ulipiga chapa ukiacha mapengo,
usiku ukayajaza kwa kalamu, nakala baada ya nakala.
Kikaoni wakakuuliza:
Wagiriki watatusaidia nini kulima, ndugu mwalimu?
Ukajibu: Mpini nao haulimi.
Wakacheka, wakakupangia saa nane mchana,
chumba kinachopigwa jua.
Tulikuwa watatu, na tumbili dirishani.

Ukatuandikia ubaoni barua ya mwanamke wa Misri,
mafunjo yaliyochanika katikati,
kwa kaka aliyekwisha kuliliwa matanga:
*Ulikuwa ara hai.*
Wataalamu, ulisema, wamelitupa neno.
Wamemwacha dada wa watu anasema "ulikuwa hai"
kama karani anayejaza daftari.
Mmoja ameongeza tanbihi ya mistari tisa
kueleza kwa nini wakati uliopita
unabeba jambo ambalo bado lipo.
Kisha ukageuka na chaki mkononi:
Nyie mngesemaje, kaka akibisha hodi?
Kimya. Tumbili akajikuna.
Hidaya Mwinyimkuu akasema, kwa sauti ndogo,
kana kwamba anakosea:
Kumbe uko hai.

Uliketi juu ya meza,
ukafuta miwani muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.
Maana ulikuwa unaijua tayari, imo kwenye kadi, nimeiona leo.
Hukuwa umeisikia.

Makala ilirudi kwa meli baada ya miezi kumi na minne.
Mhakiki alisema inavutia,
ila lugha ya sokoni haiwezi kupimia lugha ya Athene.
Pembeni umeandika kwa penseli: *Athene nako kulikuwa na soko.*
Ikatoka kwingine, kurasa ishirini na mbili,
katika jarida ambalo maktaba yetu haikuwahi kulilipia.
Mwaka huohuo mchwa walikula kadi, alfa mpaka lambda.
Wamesoma kuliko nyinyi, ulituambia.

Sasa iko sarufi nene, jalada gumu,
inayosema, kama jambo lililojulikana tangu enzi,
kwamba ziko lugha zenye neno moja kwa kazi hiyo.
Jina Ndunguru halimo, hata kwenye faharasa.
Nilikuja kwako na hasira zangu na ukurasa uliokunjwa.
Ulikuwa unamenya chungwa.
Barua imefika, ulisema. Nani huweka bahasha?

Mimi ningeweka.

Hidaya ni mkalimani wa mahakama, Kisutu.
Majuzi shahidi alisema: Kumbe alikuwa mwanangu.
Kwenye Kiingereza cha kumbukumbu likaandikwa
alikuwa mwanangu, basi.
Akasimama: Mheshimiwa, kuna neno limebaki nje ya mlango.
Hakimu akatazama saa, akauliza lina uzito gani.
Alieleza dakika ishirini, hakutaja Mgiriki hata mmoja.
Wakaliandika kwa Kiswahili, lilivyo,
maana yule baba hakuwa anatoa taarifa,
alikuwa ndiyo kwanza anafiwa.

Jua limehama dirisha. Limebaki sanduku moja.
Ndani yake kuna kadi isiyo na ara,
nyuma haina kitu.
Mbele ni fomu: *Ndunguru, E. Watu: mmoja. Sukari: nusu kilo kwa mwezi.*
Kila Jumatano ulitupa chai,
vijiko viwili kila mmoja, Hidaya vitatu,
na wewe ulikunywa ya rangi, kavu.
Ulisema daktari amekukataza.