Kiganja cha Ensio

Hilkka hakuniuliza nina pesa ngapi.
Aliuliza, "Unakaa ghorofa ya ngapi,
na chini yako analala nani?"

Saa tisa alasiri, na Tampere giza tayari.
Theluji iliyeyuka kwenye viatu vyangu vya kazi;
tangu alfajiri nilikuwa naendesha tramu,
kengele yake bado inanilia kichwani.
Ghorofa ya nne, nikasema. Lifti mbovu.
Chini, mjane mwenye mbwa na ufagio.
"Wa kufagilia?"
"Wa kugongea dari."

Akaweka kando chuma chake cha kulehemu.
"Basi lile usilitazame tena."

Nilikuwa nalitazama, kweli:
refu kama kabati la nguo, spika nne, wati mia.
"Nimeliuza mara sita, limerudi mara sita.
Vijana wanalileta huku wameshika viuno,
wanasema halina utamu.
Linao. Hawajawahi kuufikia.
Ni farasi wa kukokota magogo
umemfungia bafuni."

Kisha akasema jambo nililoliandika nyuma ya tiketi:
wati mia na wati kumi, sikio litakwambia, maradufu tu.
Mgongo ndio utakaokwambia, mara kumi.

Akafungua kifuniko cha amplifaya moja, akanionyesha vali,
vichupa vya kioo vyenye kaa jekundu tumboni.
"Hizi huchelewa kuamka. Ziache zipate moto,
kama mawe ya sauna.
Ukizigusa pole, zinajibu pole.
Ukikaza mkono, sauti inachanika pembeni kidogo,
kama ya mtu asemaye kweli akiwa amechoka."
Na za transista?
"Huamka papo hapo. Nyepesi, hazidai matunzo.
Wapo wanaozidharau. Mimi, hapana.
Usiku wa manane, na spika ya masikioni,
hakuna mjane atakayejua umeshika gitaa."

Nikajaribu ya kwanza, yenye spika ya inchi sita:
kila noti ilitoka imebanwa pua.
Ya pili ilikuwa na vifundo kumi na vinne
na mwangwi wa kanisa, wa pango, wa bomba la maji.
Nilizungusha nusu saa, sikupiga wimbo hata mmoja.

Ensio, kaka yangu, alikuwa amekaa juu ya kreti, koti hajalivua.
Nilimleta anisaidie kubeba.
Miaka thelathini na moja kiwanda cha karatasi
kilikunywa masikio yake, kushoto kwanza, kisha kulia,
na hakuna aliyemtarajia kwenye mambo ya sauti.

Ya tatu ilikuwa nzee, wati tano,
kitambaa cha mbele kimechanika kama goti la suruali,
spika moja ya inchi kumi na mbili
ndani ya sanduku la msonobari lenye uwazi nyuma.
Debe tupu haliachi kuvuma, ndiyo,
lakini jaza sanduku uone kama litaimba.
Nikapiga uzi mnene, mmoja, wazi.

Ensio akainuka.
Akalaza kiganja juu ya sanduku
kama mtu anayempima mtoto homa.
"Rudia," akasema,
kwa ile sauti yake kubwa asiyoijua ukubwa wake.
Nikarudia.
"Tena. Shuka chini."
Hilkka akazima redio, ingawa haikuwa ikimsumbua yeye.

Hakunipunguzia bei hata senti.
Alinipa vali mbili za akiba zilizofungwa kwenye soksi,
na onyo: usiiwashe kamwe bila spika.

Ngazi sitini na nane, tukipokezana.
Kumi na moja jioni nilikuwa napiga, kifundo kwenye tatu,
sauti imeanza kuchanika pembeni,
Ensio sakafuni, macho kayafumba, mkono juu ya mbao,
ufagio ukagonga mara moja.
Nikanyamaza kusubiri wa pili.

"Kuna mtu mlangoni," akasema Ensio,
kiganja hakukiondoa.